Bahari ya Ndoo: Kukoga Mwaka Mbali na Makunduchi

(Maneno niliyosema jioni moja ya Julai mbele ya watu wa pwani tunaoishi Dodoma. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyatamka, ila nimeondoa pale nilipokohoa na pale wajukuu waliponikatiza.)

Asalaam alaykum, na wasio wa salamu hiyo, hamjambo. Wakubwa zangu, shikamooni.

Kijana aliyenipigia simu kunialika aliniambia, "Bibi, uje utueleze ile sherehe yenu ya kupigana kwa migomba." Nikacheka, maana ndivyo tunavyojulikana. Kila Julai wapiga picha hujaa pale kwenye uwanja wa Kae Kuu, kijijini kwetu Makunduchi, kusini mwa Unguja. Wanaume wanatandikana kwa mabua ya migomba, kibanda cha makuti kinatiwa moto, wanawake wamejifunga kanga mpya wanaimba na kuzodoana. Usiku taarifa ya habari inaonyesha dakika mbili, na Mwaka Kogwa, sikukuu yetu ya mwaka mpya, umekwisha.

Yote hayo yapo na ni ya kweli. Ila nilipokuwa mtoto, Kae Kuu ilikuwa mambo ya mchana. Siku yenyewe ilikuwa imeanza zamani, kabla ya alfajiri, uwani kwetu, pasipo mtazamaji hata mmoja. Leo nataka kusema juu ya asubuhi ile. Ya uwanjani nitayagusa tu, kwa sababu liko moja nitakalolihitaji baadaye.

Bibi yangu alituamsha nyota zingali juu. Ni kipupwe, kusi inavuma, na mchanga wa pwani unauma nyayo kwa baridi. Mnaoijua pwani ile ya mashariki mnajua kwamba maji yakitoka huenda mbali. Mwaka ambao kupwa kulituwahi, tulitembea juu ya mwamba na mwani mpaka tukakata tamaa, na maji bado yako magotini. Bibi hakujali. Alikushika kisogo, akakuinamisha, akakuzamisha. Ukiibuka unatapika chumvi, yeye anasema maneno yake mafupi: mabaya yaende na maji. Hakuna ngoma wala hotuba. Wanaume walikoga kwao na wanawake kwao, na wanawake ndio waliokuwa hawakubali kuikosa.

Tukirudi, nguo zimetuganda mwilini, tunakuta nyumba haina moto. Hili ndilo lililonitisha zaidi utotoni. Jiko la mama, la mafiga matatu, ambalo sikuwahi kuliona bila kaa chini ya jivu, limemwagiwa maji. Jivu lote limezolewa na kutupwa nje. Jikoni kunanuka jivu lililolowa, harufu ambayo mpaka leo nikiinusa moyo unaniambia: mwaka. Kisha mjomba anakaa chini na vijiti vyake, anapekecha. Anasokota upekecho kati ya viganja, anashuka nao mpaka chini, anarudi juu, jasho linamtoka na baridi yote ile. Sote kimya. Ukitoka moshi mwembamba anaupulizia kwenye mavumvu, na cheche ya kwanza inapelekwa jikoni kama mtoto mchanga.

Juu ya moto huo mpya kinatelekwa chungu kikubwa, na ndani yake kila nafaka iliyomo nyumbani: mtama, choroko, kunde, mbaazi, mahindi, njugu mawe. Kila punje na ugumu wake, kwa hiyo zinatangulia zilizo ngumu. Ikifika adhuhuri chungu kinapakuliwa, na anayepita anaitwa. Anayepita lazima aitwe, kwa sababu nyumba iliyokosa mgeni Siku ya Mwaka ilihesabiwa kuwa na mkosi. Nakumbuka mwaka mmoja mvua ya ghafla iliwafungia watu majumbani. Mama alisimama barazani akamwita muuza samaki asiyemjua, mtu wa baiskeli, akamkalisha kwa nguvu.

Miaka mingi nilidhani hizi ni zetu tu, labda za ukoo wetu. Nilipokuwa mwalimu nikakuta kwamba Askofu Edward Steere, aliyekusanya maneno ya Kiswahili cha Unguja katika karne ya 19, aliyaandika hayohayo chini ya Siku ya Mwaka: watu kukoga baharini usiku au alfajiri, wanawake hasa, chungu cha nafaka na kunde, moto kuzimwa kwa maji na kuwashwa upya kwa vijiti. Nilikaa na kitabu mapajani kama mtu aliyekuta picha ya bibi yake katika nyumba ya mgeni.

Steere aliandika na jingine, na sitaki kulificha kwa kuwa tumekaa vizuri. Anasema zamani siku hiyo mtu akiuawa au akijeruhiwa, hapakuwa na kuulizana. Wanaume walitembea na silaha, kila mmoja akimwogopa adui yake. Na watu walijifurahisha kwa kuwakamata Wahindi na kuwatupa baharini, mpaka Waingereza walipowachukua chini ya ulinzi wao. Kwa hiyo mtu akinililia kwamba Mwaka wa siku hizi umelegea, umekuwa wa migomba na watalii, namwambia alhamdulillahi kwa migomba.

Sasa, huu Mwaka umetoka wapi? Nitasema kwa ufupi, ingawa mtu aliyefundisha skuli miaka 30 hajui ufupi.

Jina lake la zamani ni Nairuzi, na Nairuzi ni Nowruz ya Waajemi, maana yake siku mpya. Iran yenyewe na majirani zake wanaisherehekea tarehe 20 au 21 Machi. Basi kwa nini sisi Julai? Hapa ndipo ninapopenda. Mwaka wa kale wa Waajemi ulikuwa na siku 365 kamili, bila siku ya nyongeza kila mwaka wa nne. Jua lenyewe linahitaji karibu robo siku zaidi, na robo hizo zikiachwa, Mwaka unarudi nyuma siku moja kila baada ya miaka minne. Wafalme wa Uajemi hilo liliwaudhi. Mwaka 1079, katika utawala wa Malik Shah, wanajimu, Omar Khayyam akiwa mmoja wao, walitengeneza kalenda iliyoifunga Nowruz pale mchana na usiku vinapolingana mwezi Machi. Yetu haikufungwa na mtu. Iliendelea kutembea. Katika karne ya 19 ilikuwa ikianguka mwishoni mwa Agosti, bibi yangu alipokuwa msichana ilikuwa katikati ya Agosti, na siku hizi ni katikati ya Julai. Mkija kuniuliza baada ya miaka 100 nitawaambia Juni.

Na hatutembei peke yetu. Wako Waparsi wanaoitwa Kadmi, wafuasi wa Zoroasta, dini ya kale ya Uajemi, ambao nao wameshika hesabu ileile ya siku 365 bila nyongeza, na mwaka wao mpya unaangukia katikati ya Julai pia. Waparsi tuliishi nao Unguja. Yule mwanamuziki Freddie Mercury alizaliwa kwetu mwaka 1946 katika jamii hiyo. Sina hakika kama aliwahi kukoga mwaka, lakini sauti ile haikosi chumvi.

Wazee waliishika hesabu hii kwa sababu iliwafaa. Kalenda ya Hijria ina siku 354 au 355, na Ramadhani hutembea misimu yote. Hiyo ni ya ibada. Huwezi kupanda mtama kwa kuitegemea. Kwa shamba na bahari walihesabu siku tangu Nairuzi, kumi kumi. Kumi moja la siku huitwa mwongo. Ndiyo, mwongo, kama yule wa kusema uongo, lakini huyu hajapata kunidanganya. Mwaka una miongo 36, zinabaki siku tano. Bibi hakujua kusoma kalenda ya ukutani, ila ukimuuliza tuko mwongo wa ngapi alikujibu papo hapo, na akajua vuli iko mbali kiasi gani. Mabaharia wa Ghuba walihesabu hivyohivyo. Ahmad ibn Majid, nahodha wa Julfar wa karne ya 15, alipoandika lini chombo kiondoke bandari gani, alitaja siku ya ngapi ya Nairuzi. Na kwa kuwa siku 365 ni wiki 52 na siku moja, Mwaka ukianguka Jumatatu, mwakani utaanguka Jumanne, na wazee waliupa mwaka jina la siku yake. Watoto waliozaliwa siku hizo mmewasikia: Mwaka ni jina la mwanamke kwetu.

Kama Waajemi kweli walikuja, au tulipokea tu hesabu yao kwa njia ya biashara, watu wamegombana sana. Msikiti wa Kizimkazi, jirani kabisa na kwetu, una maandishi ya Kikufi, hati ya kale ya Kiarabu, yenye mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Na mwaka 2023 wanasayansi waliopima vinasaba vya mifupa kutoka makaburi ya zamani ya pwani walikuta wanawake wa Kiafrika wamechanganya damu na wanaume kutoka Uajemi tangu karibu mwaka 1000. Bibi angesema, "Sasa mmeamini?"

Hapo sasa lazima nijibu swali mliloliweka mdomoni tangu nilipoanza. Mpwa wangu mmoja, ustadhi, kijana mzuri ninayempenda, aliniambia mbele ya watu, "Shangazi, hii ni sikukuu ya majusi. Moto, maji, kibanda kinachomwa, mganga anatazama moshi unaelekea wapi aseme mwaka utakuwaje. Muislamu anatafuta nini hapo?"

Sikukasirika. Asili yake ni ya majusi, sikatai. Na moshi wa kibanda mimi siufuati. Mwaka wangu anaujua Mungu. Nilimwambia: mimi siuabudu moto, naupikia. Ninapokoga alfajiri ile nakwenda kuswali na maji yangali yananidondoka. Kama kwako wewe haiwezekani kuyatenganisha, usikoge, wala sitakuita mtu aliyepotea. Akaniambia, "Na chungu?" Nikamwambia chungu kitakuwa tayari adhuhuri. Alikuja. Alikula sahani mbili, akasema amekuja kumtembelea shangazi yake siku ya kawaida, na mimi nikamkubalia kwamba ni siku ya kawaida. (Najua baadhi yenu mnangoja niseme mwacha mila ni mtumwa. Sisemi. Wapo walioacha mila na wako huru kabisa, na wapo walioishika huku imewafunga.)

Sasa tuje Dodoma.

Nilipohamia huku kumfuata mume wangu, Mwaka wa kwanza ulinikuta nimekaa kitandani saa kumi na moja alfajiri, nje upepo wa Julai unapiga mabati, na bahari iliyo karibu ni safari ya siku nzima. Nikalia kidogo. Kisha nikaona haya kulia, nikaenda jikoni, nikachota maji ndoo moja, nikatia viganja viwili vya chumvi ya mawe. Nikaonja. Haikutosha, nikaongeza kimoja. Nikatoka uwani na upande wa kanga, nikajimwagia, na yale maneno ya bibi yakanitoka yenyewe. Jirani yangu, mama wa Kigogo, alikuwa ameamka kuchota maji. Akanitazama juu ya ua. Akaniuliza kama nimeota ndoto mbaya. Nikamwambia, "Ndiyo, mama, ya mwaka mzima." Tangu hapo ndiye mgeni wangu wa kwanza kila Siku ya Mwaka, na ndiye aliyenifundisha kuweka uwele katika chungu. Huku choroko nzuri ni shida, lakini mtama, uwele, karanga na njugu mawe ya soko la Majengo hayana mpinzani. Chungu changu cha sasa bibi asingekitambua kwa ladha, lakini angeomba kuongezewa.

Moto ndio uliokuwa mgumu. Napikia gesi, mafiga sina. Mwaka mmoja mimi na mjukuu wangu wa kiume tulijaribu kupekecha. Tulipata malengelenge viganja vyote vinne, moshi kama wa sigara moja, na cheche hakuna. Akaniambia, "Bibi, huyo mjomba wako alikuwa na kiberiti mfukoni." Nikamkataza kusema hivyo, ila usiku nilifikiri sana.

Kwa hiyo sasa nafanya hivi. Nafunga mtungi wa gesi. Nazima swichi kubwa ya umeme, ile ya mlangoni, nyumba nzima inakufa: friji, televisheni, na kile kidude cha intaneti ambacho kikizima wajukuu wanatoka vyumbani kama siafu waliomwagiwa maji ya moto. Nusu saa. Katika nusu saa hiyo tunazoa jivu la jiko la mkaa na kufagia mpaka uvunguni, na ninawaambia kila mmoja atoe kitu kimoja alichokiweka mwaka mzima bila sababu. Mwaka jana mmoja alitoa chaja tatu zilizokufa. Mkubwa wao akatoa barua, sikumuuliza ya nani. Kisha naligeuza jiko la mkaa lielekee mlangoni, nawasha kwa kiberiti, kijiti kimoja tu. Kikizimika kabla ya kushika tunaanza tena kufagia. Sheria hiyo nimeitunga mwenyewe. Nilikuwa nikiona aibu kwamba nimeitunga, mpaka nikakumbuka kwamba bibi alikuwa na zake ambazo nyumba ya pili hawakuzijua.

Nilisema ya Kae Kuu liko moja nitakalolihitaji. Ni lile la kupigana.

Watu huona vurugu tu. Lakini tazameni vizuri. Wanaojipanga ni watu wa upande mmoja wa mji na wa upande wa pili, na wengi ni ndugu na mashemeji. Wazee husema zamani zilikuwa fimbo hasa. Sasa ni bua la mgomba, ambalo likikupata linakuchafua utomvu, linakuuma kiasi, kisha linavunjika. Silaha inayovunjika mkononi mwa anayepiga! Mwenye kinyongo cha mwaka mzima anakimaliza pale, mbele ya watu, na saa ikifika kila mtu anatupa bua lake na kwenda kula. Wanawake wanafanya yao kwa nyimbo, na niwaambieni, afadhali bua. Kuna maneno niliyoimbiwa nikiwa na miaka 19 ambayo yalikuwa ya kweli tupu, na aliyeniimbia tulikula naye sinia moja jioni ileile.

Mimi na kaka yangu tuligombana kwa kiwanja cha marehemu mama. Sitaeleza nani alikuwa na haki, maana nyote mtasema ni mimi. Hatukusemeshana miaka miwili. Arusi tulikaa pande mbili za hema. Basi Siku ya Mwaka moja, mchana, nimekwisha pakua chungu, simu inalia. Ni yeye. Hakunisalimia. Akasema, "Nimeshika bua langu. Na wewe shika lako."

Nikanyamaza. Akaanza. Alinitandika, jamani. Kiwanja, na arusi, na jinsi nilivyomjibu msibani, na jambo la mwaka 1978 kuhusu baiskeli ambalo sikujua kama bado analo. Akipumua namsikia upepo wa kusi nyuma yake. Alikuwa amesimama nje. Alipomaliza akasema, "Zamu yako." Nami nikaanza, na sikumhurumia. Mama wa Kigogo alichukua sahani yake akahamia barazani. Nilipoishiwa, tulikaa kimya, tunasikilizana pumzi. Akauliza, "Tumemaliza?" Nikasema, "Tumemaliza." Akauliza, "Umepika nini?" Nikamwambia. Akasema uwele katika chungu cha mwaka ni uhuni.

Kiwanja mpaka leo hakijagawanywa. Lakini kila mwaka anapiga au napiga, kwa zamu, na ziko sheria: jambo lililokwisha kutajwa Siku ya Mwaka halitajwi tena, wala kati ya mwaka hakuna ruhusa ya kulifungua. Baiskeli imezikwa. Kukiwa na jipya, linangoja. Na ajabu ni kwamba mengi yakingoja mpaka Julai yanakuwa yamekauka, ukiyashika hayana uzito, unaona haya kuyataja.

Mwaka huu zamu ya kupiga ni yangu. Ndoo nimekwishaijaza, iko uwani imefunikwa na sinia kwa sababu ya vumbi la huku. Chumvi iko juu ya kabati. Njugu mawe nimeziloweka tangu mchana, na mama wa Kigogo ameniambia safari hii ataleta na mgeni wake. Ya kaka nimeyaandika kwenye karatasi nisiyasahau, yako matatu. Moja ni la kuku. Hilo la kuku bado nalifikiria.